Sura ya Sita: Uzito wa Shingoni

Ukisimama kando ya barabara pale Awendo siku kiwanda kinaposaga, usiitazame miwa. Tazama magurudumu ya mbele ya trekta. Trekta likirudi tupu, magurudumu hayo hukanyaga lami sawasawa. Lakini likishafungwa trela lililojazwa miwa hadi pomoni na kuanza kupanda mlima, utayaona yamekuwa mepesi. Yanadunda juu ya kila kishimo, dereva anazungusha usukani na trekta linachelewa kuitika. Hakuna kilichoharibika. Uzito umehama tu: trela limekalia mkia wa trekta, na pua imeinuka.

Kampuni ya Sukari ya South Nyanza iliundwa mwaka 1976, na miaka michache baadaye mitambo yake ya Awendo ikaanza kusaga. Baadaye Ndhiwa, upande wa Homa Bay, nao wakapata kiwanda chao. Kwa hiyo katika kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay, kuna wanaume waliozeeka wakivuta trela, na wana wao wanavuta trela. Ukitaka kujua habari za kuvuta mzigo nchini Kenya, hapa ndipo pa kuuliza. Nasema hivyo kwa sababu swali lililozaa sura hii lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya miwa hata kidogo.

Rafiki yangu alikuwa amejipatia gari kubwa la magurudumu manne yanayovuta, akawa na ndoto ya kununua karavani: kile kijumba cha magurudumu chenye kitanda, jiko na tangi la maji, ambacho Wazungu hukivuta nyuma ya gari wakienda likizo. Alitaka kuwazungusha watoto Nyanza Kusini. Aende Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala saruji, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Avuke hadi bonde la Lambwe, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruma, mahali pekee nchini Kenya ambapo swala wakubwa waitwao korongo bado wanaishi porini. Kisha alale Mbita, asikie ziwa. Ndoto nzuri. Alikuwa amesoma kwamba gari linalovuta karavani nzito linahitaji kiungo cha kugawa uzito, akaniuliza anunue kipi.

Sikumjibu siku hiyo. Nilimpeleka ufuoni Homa Bay tukamtazame kijana wa punda.

Huko Homa Bay punda huvuta mikokoteni ya maji. Mkokoteni una magurudumu mawili na ekseli moja, na mbele kuna miti miwili inayopita ubavuni mwa mnyama. Kijana alikuwa anapakia mitungi ya lita 20. Alianza katikati, juu ya ekseli. Mingine akaiweka mbele kidogo, mingine nyuma kidogo, na kabla ya kumfunga punda akanyanyua miti ile kwa mkono mmoja kama mtu anayepima kuku sokoni. Akatikisa kichwa. Akautoa mtungi mmoja nyuma, akauweka mbele, akanyanyua tena. Hapo akaridhika. Rafiki yangu alimuuliza anapima nini, naye akamjibu kwa heshima, “Baba, nyuma ikizidi, inamnyanyua punda. Mbele ikizidi, inamvunja mgongo.”

Yale ndiyo mambo yote. Chombo chochote cha ekseli moja, au cha ekseli mbili zilizokaribiana katikati, ni mizani inayotembea. Mzigo ulio mbele ya ekseli huinamisha shingo, na ulio nyuma yake huiinua. Mtungi wa kilo 20 ukihamishwa mita moja kwenda mbele, na shingo ikiwa na urefu wa mita mbili kutoka kwenye ekseli, mgongo wa punda unaongezewa kilo 10. Kijana yule hakuwa na karatasi. Alikuwa na mkono wake, na mkono wake ulikuwa unapiga hesabu hiyohiyo.

Karavani nayo ina shingo, na shingo hiyo inakaa juu ya kichwa cha chuma kilichofungwa nyuma ya gari. Marekani, mahali karavani nzito zilipozoeleka, kanuni yao ni kwamba shingo ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa karavani iliyopakiwa. Ulaya, wanakovuta vijumba vyepesi kwa magari madogo, wanaridhika na kiasi kidogo zaidi. Kikipungua mno, karavani huanza kutikisa mkia. Kwanza polepole, kulia na kushoto, halafu kila mtikiso unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka trela linaliendesha gari badala ya gari kuliendesha trela. Dereva akishtuka na kukanyaga breki kwa nguvu anazidisha balaa; anachotakiwa kufanya ni kuachia mafuta na kuushika usukani bila kuupinga mtikiso. Ajali za namna hii nyingi huanzia nyumbani, siku ya kupakia, pale jenereta na mitungi ya gesi inapowekwa nyuma kabisa kwa sababu ndiko kwenye nafasi.

Basi tupige hesabu ya rafiki yangu. Tuseme karavani yake, ikiwa na maji na vyakula, ina tani 2, na shingoni kuna kilo 240, yaani asilimia 12. Gari lake lina mita 2.8 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na kile kichwa cha chuma kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Wengi wanadhani kilo 240 zitaingia kwenye ekseli ya nyuma na mambo yataishia hapo. Hapana. Mkia wa gari ni mkono wa mizani, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Ukiusukuma mkia chini, pua inapanda. Ekseli ya mbele inapoteza karibu kilo 103, na ekseli ya nyuma inabeba zile 240 pamoja na hizo 103: jumla kilo 343. Bado hujaweka watoto watatu kiti cha nyuma wala masanduku buti.

Hizo kilo 103 zilizotoroka mbele ndizo zinazoyafanya magurudumu ya trekta la Awendo kudunda. Kwenye gari hutayaona yakidunda, ila utahisi usukani umekuwa mwepesi kama wa gari lililo kwenye tope. Breki za mbele, ambazo kwa kawaida ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, zinakuwa na mshiko mdogo. Na usiku taa zako zinamulika matawi ya miti na kuwapofusha wanaokuja, huku barabara mbele yako ikibaki giza.

Hapo ndipo kiungo cha kugawa uzito kinapoingia. Ni kifaa rahisi kukieleza. Chini ya kichwa cha chuma kunachomekwa fimbo mbili za chuma cha springi, zinazoelekea nyuma chini ya shingo ya karavani, moja kila upande. Ncha zake zinavutwa juu kwa mnyororo, au kukalishwa juu ya vibao vya chuma vilivyofungwa kwenye fremu. Fimbo zinapopinda, zinafanya kazi ya mikono ya toroli: ukiinua mikono, mbele ya toroli kunakandamizwa chini. Kwa hiyo mkia wa gari unanyanyuliwa, pua inashuka, na uzito unarudi kwenye magurudumu ya mbele. Sehemu nyingine inarudi kwenye magurudumu ya karavani yenyewe.

Nirudi kwenye hesabu yetu. Tuseme kutoka kwenye kichwa cha chuma hadi ekseli ya karavani ni mita 5. Fimbo zikikazwa mpaka ekseli ya mbele irudishiwe kilo zake zote 103, magurudumu ya karavani yataongezewa kilo 47 hivi, na ekseli ya nyuma ya gari, iliyokuwa imebeba kilo 343 za ziada, itabaki na kilo 193. Jumlisha 193 na 47 upate 240. Hakuna hata kilo moja iliyopotea. Ninalisisitiza hili kwa sababu wauzaji huzungumza kana kwamba kifaa hiki hupunguza mzigo. Hakipunguzi kitu. Gari ambalo kitabu chake kinasema livute tani 1.5 halitageuka kuwa la tani 2 kwa kufungwa fimbo za springi, na karavani isiyo na breki itabaki haina breki.

Sasa kuchagua. Fimbo hizi huuzwa kwa viwango vya uzito wa shingo, na kosa la wengi ni kununua nene kuliko zote, kwa fikra kwamba chuma kikubwa ni usalama mkubwa. Fimbo nene mno haipindi. Inakuwa nondo tu, na kila tuta linapiga moja kwa moja kwenye fremu ya karavani na kwenye boliti za gari. Nyembamba mno nayo inapinda yote bila kurudisha kitu mbele. Jumlisha uzito wa shingo na uzito wa mizigo uliyopakia nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, halafu uchague kiwango kinachoifunika jumla hiyo kwa nafasi ndogo tu. Kwa rafiki yangu, kilo 240 za shingo na kilo 60 za buti zinafanya 300, basi atafute fimbo za kiasi hicho au zilizozidi kidogo. Na kabla ya yote asome kitabu cha gari. Wapo watengenezaji wanaokataza kabisa kifaa hiki kwenye baadhi ya magari yao, kwa sababu sehemu ya nyuma ya gari haikujengwa kustahimili kupindwa namna hiyo. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, hayana kiungo cha kuvutia, na kile kinachofungwa baadaye kinachomelewa na fundi wa jua kali. Namheshimu fundi huyo. Ameijenga nusu ya nchi hii. Lakini kiungo kilichochomelewa kwenye bati la chini ya buti kinaweza kuvuta bila kustahimili kupindwa, na fimbo za springi hukipinda.

Uzito wa shingo utaujuaje? Mizani ya bafuni inatosha, ijapokuwa inaishia kilo 120 au 150. Chukua ubao imara. Upande mmoja ulaze juu ya bomba lililo juu ya tofali, upande wa pili juu ya bomba lililo juu ya mizani, ubao ukae sawa. Mabomba yaachane sentimita 90. Shusha shingo ya karavani juu ya ubao, sentimita 30 kutoka bomba la tofali. Toa namba ambayo mizani ilisoma ubao ukiwa mtupu, na inayobaki izidishe mara 3. Mizani ikisoma 80, shingo ina kilo 240. Karavani iwe imepakiwa vile itakavyosafiri, maji ndani, na isimame mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe.

Kukaza fimbo nako kunahitaji kipimo kimoja tu. Kabla ya kufunga karavani, pima kimo cha ukingo wa bati juu ya gurudumu la mbele la gari. Ifunge bila fimbo, pima tena. Kimo kitakuwa kimepanda. Kaza fimbo mpaka ukingo ushuke. Kuna watengenezaji wanaotaka urudi ulipokuwa, na kuna wanaotaka nusu ya njia. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Usizidishe kamwe ukaushusha chini ya ulipoanzia, kwa sababu hapo unayanyang'anya magurudumu ya nyuma mshiko wake, na ukikata kona barabara ikiwa imelowa mkia utakuponyoka.

Nilipofika hapa katika maelezo yangu rafiki yangu alikuwa tayari ametoa simu aagize. Nikamwambia asubiri, tuzungumze na watu wa miwa.

Dereva wa trekta ana shida ileile ya pua kuinuka, lakini hajawahi kununua fimbo za springi, na sababu zake ni nzuri. Kwanza, anautaka uzito ule. Trekta linavuta kwa magurudumu yake makubwa ya nyuma, na bila kitu cha kuyakandamiza yatazunguka palepale katika shamba lenye tope. Uzito wa shingo ya trela ndio unaompa mshiko. Kwa hiyo yeye huuacha nyuma, akaongeza vyuma vya kuning'iniza mbele ya injini ili pua isimkimbie. Pili, anafunga trela chini. Ile pini inakaa chini kuliko kitovu cha ekseli ya nyuma, na hilo halina mjadala. Mtu akifunga mnyororo juu zaidi, tuseme anamnasua mwenzake aliyekwama, mvutano wote unalipindua trekta nyuma kuizunguka ekseli yake, na linaweza kumwangukia dereva kabla hajawahi kuondoa mguu kwenye mafuta. Ukisikia trekta limesimama wima likamlalia mtu, mara nyingi uliza lilifungwa wapi.

Na trela za magurudumu manne, zile zenye ekseli ya mbele inayogeuka, hazikalii trekta hata kidogo. Uzito wote zinabeba zenyewe, na shingo yake inavuta tu. Kwa chombo cha namna hiyo fimbo za springi hazina kazi.

   

Kilichobaki ni barabara, nayo ndiyo iliyoamua kesi ya rafiki yangu. Barabara kuu kutoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo ni lami, na kutoka Rongo unateremka kwa lami hadi Homa Bay, ukishuka kutoka nchi ya vilima hadi kwenye ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mteremko ule na karavani ya tani 2 mgongoni unataka ekseli ya mbele yenye uzito wake, breki za karavani zinazofanya kazi, na gia ya chini tangu juu. Kiungo cha kugawa uzito kina nafasi yake hapo, na ningekifunga bila kusita.

Ila matuta. Kila kituo cha soko kina matuta yake. Gari likiwa limevuka tuta na karavani bado haijalipanda, au kiungo kikiwa juu kabisa ya tuta, ule mstari wa gari na karavani unavunjika kwa juu, fimbo zinalegea, na uzito wote wa shingo unaangukia ekseli ya nyuma kwa mara moja. Kwenye mtaro ni kinyume chake: gari linapanda kutoka mtaroni, karavani inashuka kuingia, mstari unavunjika kwa chini, fimbo zinapinda kupita kiasi na kuunyanyua mkia wa gari mpaka magurudumu ya nyuma yanakosa mshiko pale hasa unapoyahitaji. Kwenye lami hali hii inadumu sekunde moja, nawe unapita taratibu. Njia ya kuingia Thimlich Ohinga, na zile za udongo mweusi wa Lambwe, zina mtaro mmoja baada ya mwingine, na mvua ikinyesha udongo ule unashika gurudumu kama unga wa ugali usioiva. Huko fimbo lazima zilegezwe au zichomolewe, na ukishazichomoa umerudi kwenye kilo 103 zako zilizotoroka, juu ya barabara mbaya kuliko zote ulizopita.

Kwa hiyo jibu langu kwake lilikuwa hili. Kama nia ni kulala Homa Bay mjini, Rongo na Migori bila kuacha lami, nunua karavani uliyoipenda pamoja na kiungo cha kugawa uzito cha kiwango cha kilo 300. Kama nia ni Ruma na Thimlich, achana na vyote viwili. Tafuta trela dogo la hema, la kilo 700 au 800, lililoinuliwa juu, lenye ekseli moja ya nguvu na kiungo kinachogeuka pande zote. Shingo yake itakuwa na kilo 80 hivi. Kwa gari lenye vipimo vya lile lake, pua itapoteza kilo 34, na hizo unaweza kuishi nazo bila fimbo yoyote. Mizigo mizito, yaani betri, maji na gesi, ikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ifungwe isihame.

Alinunua trela la hema. Siku ya kwanza alipolipakia, uani kwake, nilimkuta ameinama akinyanyua shingo kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa, akaenda nyuma, akautoa mtungi wa maji na kuuhamishia mbele.